Esemji za Mzee Bartholomeo

Baba mkwe wangu, Mzee Bartholomeo, hajawahi kumpiga mtu risasi, lakini bonde letu lote la chini ya Gare linamfahamu kwa bunduki. Alitengeneza tatu. Tunaishi ua mmoja, mimi nina mtoto mgongoni, na jiko langu linatazamana na kibanda chake cha ufundi, kwa hiyo mengi niliyaona. Mengine niliyasikia. Mengine hata ungekuwa Mombo ungeyasikia.

Miaka mingi alikuwa fundi wa misumeno kwenye kiwanda cha mbao. Halafu ikasemwa viwanda vitafutiwe wenyewe. Wenyewe wakaja, wakatazama, wakapiga picha, wakaondoka, na kiwanda kikatiwa kufuli. Mzee akarudi nyumbani na sanduku la vifaa na koti la mtumba alilolinunua Lushoto, refu mpaka magotini, zito kama blanketi. Koti hilo halivui. Jua, mvua, kanisani, shambani, yumo ndani yake. Linanuka tumbaku na grisi, na kabla hujamwona mwenyewe utasikia kikohozi chake, "Khoo! Khoo!", mara mbili, kama mtu anayebisha hodi.

Tena alikuwa na vita vyake. Alikwenda Kagera, na jioni akishiba huanza: "Mimi esemji naifungua na kuifunga nimefumba macho." Esemji ni ile bunduki ya askari inayomwaga risasi mfululizo, tatatata, bila kupumzika. Mama mkwe, Mama Filomena, alikuwa akiendelea kuchambua mnavu wake bila kuinua uso. Jirani yetu Athumani, ambaye shamba lake liko chini ya letu kwenye mfereji mmoja, naye alikwenda vita hivyohivyo. Siku moja aliniambia pembeni:

"Mama Lightness, mkweo alikuwa mpishi. Bunduki yake ilikuwa mwiko. Lakini usiseme nimesema, maana wallahi maharage yake ndiyo yaliyoturudisha wazima."

Nikarudi jikoni kwangu. Mkwe ni mkwe.

Sasa, kila mahindi yakianza kubeba, kima hushuka kutoka msituni. Kulinda shamba huku kwetu ni kazi ya wanawake. Kila shamba lina dungu, yaani kitanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo, na juu ya dungu yuko mwanamke na debe lake. Mama Filomena alikuwa akikaa pale kuanzia umande mpaka jua linazama, msimu baada ya msimu, anapiga debe na kuimba nyimbo za kwaya. Tabu ni kwamba kima anamjua mwanamke. Ukimpigia debe anakaa kwenye tuta, anamenya hindi taratibu huku anakutazama, kama anayekungoja umalize ubeti. Akipita mwanamume, hata awe mlevi anayepepesuka, wote wako juu ya miti.

Mama alikuwa amekwisha kumwambia mzee hilo mpaka limechakaa.

"Baba Yusuph, kaa wewe siku mbili tu uone."

"Mimi? Mwanamume mzima nikae juu ya miti kama kunguru? Watu watasema nini?"

"Watasema mahindi yamepona."

Mwaka ule tulioambiwa kwamba vyama vya siasa sasa vitakuwa vingi, mama alichoka. Mgongo ulikuwa unamuuma, akishuka dunguni anashuka kinyumenyume kama mtoto. Jioni moja aliweka bakuli chini akasema polepole, na mama akisema polepole nyumba nzima husikiliza.

"Kima wakila mistari miwili tu msimu huu, napanda lori la kabichi nakwenda Muheza kwa Esta. Na sitasema narudi lini."

Esta ni binti yake, ameolewa huko. Mzee alicheka. Halafu akaona anacheka peke yake.

Wiki hiyohiyo mume wangu Yusuph, ambaye ni fundi wa matairi Mombo, alipanda kutusalimia na zawadi ya mtoto. Ndiyo siku zile vitu vya nje vilianza kumwagika barabarani, mabeseni, redio, ndala za kila rangi. Yeye akaona cha kumfaa mtoto wa kike asiye na hata jino moja ni bunduki ya plastiki. Ukibonyeza inalia tatatata na kutoa cheche. Lightness aliitazama mara moja akageukia ziwa. Mzee hakugeukia kitu kingine. Asubuhi nikaikuta mezani kwake imefunguliwa yote, vipande vimepangwa kama dagaa wa kuanikwa.

"Mwanangu," akaniita, macho yanang'aa, "njoo uone. Unajua ndani kuna nini? Gurudumu la meno na ulimi. Basi! Gurudumu likizunguka, ulimi unaruka jino kwa jino. Kelele zote zile ni meno na ulimi!"

Athumani alikuwa amesimama mlangoni, amekuja kuazima nyundo. "Hata kwangu nyumbani kelele zote ni vitu hivyohivyo viwili," akasema.

"Wewe cheka. Kima akisikia esemji atahama wilaya."

"Kima gani amewahi kwenda Kagera, kamanda?"

Mzee alikuwa ameshachukua penseli.

Ya kwanza aliiita Namba Moja. Ilikuwa gurudumu la baiskeli lililofungwa kwenye fremu ya mbao, lina mkono wa kuzungushia, na kipande cha msumeno kinachogonga spoku, nyuma yake pipa tupu la kukuza sauti. Tuliipandisha dunguni kwa kamba. Mzee mwenyewe aliizungusha mara ya kwanza, na kweli, bonde liliitika. Kima walikimbia. Mzee akashuka akijifuta jasho kwa mkono wa koti.

"Mama Yusuph, nimekukomboa. Kazi kwako."

Mama akapanda. Akazungusha. Kima walirudi wakakaa kwenye tuta, wakatazama. Akazungusha zaidi. Mmoja akavunja hindi. Saa sita nilipompelekea uji nilimkuta amelala chali kando ya gurudumu, mikono imekufa.

"Mama Lightness," akaniambia huku anatazama mawingu, "zamani nilipiga debe kwa mkono mmoja. Sasa ninasaga kwa miwili, na unga wenyewe hakuna."

Nilimfikishia mzee ujumbe, nikaupunguza makali njiani. Akakuna kidevu.

"Kosa ni binadamu," akasema. "Esemji ya kweli askari hazungushi. Inajizungusha."

Kwa Namba Mbili aliacha baiskeli. Alichonga gurudumu la meno la mti wa mkaratusi, kubwa kama sinia la harusi, siku tisa, na mabaki ya mbao tukapikia. Akazungushia kamba, akaipitisha kamba juu ya tawi la mti ulio kando ya dungu, na ncha ya kamba akafunga jiwe la ukubwa wa mbuzi. Jiwe likishuka linavuta kamba, gurudumu linazunguka, ulimi unapiga pipa. Binadamu hana kazi, ila kulipandisha jiwe tena.

Alilifungulia Jumapili, watu wanatoka misa.

Mimi niliyekuwa najua niliruka. Wasiojua sijui niseme nini. Ilikuwa sauti ya vita, tena ya vita vya karibu. Wanakwaya waliingia kwenye mtaro na majoho yao. Mtu mmoja akapiga kelele, "Ndiyo hivyo vyama vingi! Nilisema mimi!" Ilipiga kwa muda wa kusali Baba Yetu moja isiyo na haraka, kisha jiwe likafika chini na kutua juu ya boga ambalo mama alikuwa amelitunza kwa ajili ya mbegu. Kimya. Ndipo tukasikia majani ya maharage yakitikisika, na akatokea Elisante, kamanda wa mgambo, anatambaa kwa viwiko na rungu mkononi.

"Wote chini!"

Mama alikuwa chini tayari, anaokota boga lake.

"Silaha iko wapi?"

"Hiyo hapo," mama akamwonyesha kwa kidevu. "Ichukue, baba. Nitakuombea."

Elisante akasimama, akakung'uta magoti, akaizunguka. "Risasi zinaingilia wapi?"

"Haina risasi," mzee akasema.

"Zimekwisha?"

"Hazikuwahi kuwamo."

"Sasa unampiga nani?"

"Kima. Kwa sauti."

Elisante alitoa daftari. Akaandika, akafuta. Akasema silaha hii inakamatwa na kupelekwa ofisini. Akaita vijana wake wawili, wakaikumbatia wote watatu, wakainyanyua mpaka usawa wa goti, wakairudisha. Ikasemwa kwamba imekamatwa ila itahifadhiwa hapohapo. Watu walipokwisha kuondoka, alibaki nyuma kidogo, akamwinamia mzee.

"Lakini mzee wangu, kima wenyewe wanakimbia kweli? Maana na mimi nina robo eka ya mahindi."

Walikuwa wanakimbia, kwa muda wa Baba Yetu moja. Wakati mama anahangaika kulipandisha jiwe, wao wanashuka. Siku ya tatu walikuwa wamemaliza mstari mmoja wa mahindi, mzima, kutoka juu hadi chini, nadhifu kama wamevuna. Mama hakugomba. Alikwenda mwisho wa ule mstari akachomeka kijiti. Kisha nikamwona anatoa kikapu chake cha safari darini na kukipangusa vumbi.

Mzee naye alikiona kile kikapu. Usiku huo hakusimulia vita.

Namba Tatu aliijenga bila makelele, anafunga mlango wa kibanda. Nilipoiona nilijua kwamba mtu huyu ana akili kweli, basi tu. Alikuwa amechukua lile gurudumu la meno akalifunga kwenye ekseli moja na gurudumu jingine lenye mapanga ya mbao, akaliweka juu ya mfereji unaopita ukingoni mwa shamba letu. Maji yanasukuma mapanga, gurudumu linazunguka, ulimi unapiga, pipa linalia. Hakuna mkono, hakuna jiwe. Tatatata, kituo, tatatata, kituo, kuanzia asubuhi.

Mvua za masika zilikuwa bado zinanyesha, mfereji umejaa. Kima walikwenda juu kabisa msituni, tukawa tunasikia wakilalamika kwa mbali. Mama alishuka dunguni. Alisuka nywele. Alikwenda kwenye jumuiya, akarudi anacheka na wenzake. Alikirudisha kikapu darini. Lightness naye, ambaye alikuwa mgumu wa kulala mchana kama polisi, aliizoea ile sauti hata akawa halali mpaka aisikie. Nikawa namlaza chini ya mgomba karibu na mfereji, tatatata, naye huyo, mdomo wazi.

Athumani alipita akasimama kuitazama, mikono nyuma.

"Onga mshi, kamanda," akamsalimu kwa Kishambaa. "Leo nimekuvulia kofia. Hii kiboko."

"Ungekuwa Kagera ungeiona hii..."

"Nilikuwa Kagera, Bartholomeo," Athumani akasema kwa upole, na mzee akajitia kukohoa.

Halafu masika yakaisha.

Maji yakipungua, mfereji una zamu, toka enzi za babu zao. Yetu ni Jumatatu na Alhamisi. Siku nyingine maji yanafungiwa juu, yanaelekezwa kwa Athumani na kwa wengine. Kwa hiyo Jumatatu bunduki ikapiga. Jumanne ikanyamaza. Jumanne hiyo kima walishuka kuangalia kumetokea nini, wakala kidogo. Alhamisi ikapiga, wakapanda. Ijumaa wakashuka mapema. Wiki ya pili walikuwa wanaijua zamu ya maji kuliko mwenyekiti wa mfereji. Mstari wa pili ulifika nusu. Mama alipanda dunguni na debe lake, na kikapu kikashuka darini. Safari hii aliweka kanga ndani.

"Lori linashuka Ijumaa," akaniambia. Hakumwambia mzee, aliniambia mimi, mzee akiwa amekaa palepale.

Jumatano mchana, zamu ya Athumani, mama amekwenda kusaga, nilikuwa nafua. Nilimwona mzee anapanda kando ya mfereji, anatazama nyuma, anatazama mbele, shingo ndani ya kola. Nikajua anakokwenda. Kuiba maji si jambo geni. Mtu anasogeza jiwe moja, anatoa udongo kidogo, maji yanamteremkia kimyakimya, anamwagilia kitalu chake, anarudisha jiwe. Nani atajua?

Mzee akasogeza jiwe. Maji yakateremka. Na bunduki yake ikalitangazia bonde zima.

Nilisimama na nepi mkononi. Iliwahi kulia, lakini si kama siku ile. Ilipasua. Wanawake wa ng'ambo wakasimama wima mashambani mwao, mmoja akaita, "Leo Jumatatu?" Mwingine akajibu, "Leo Jumatano, mwenzangu! Jumatano!" Mzee alikuwa anateremka mbio, koti linapepea, anajaribu kuishika bunduki yake mwenyewe kwa mikono. Alikwama mkono wa koti kwenye meno. Nilipofika naye Athumani amefika, anahema, amekuja na jembe kutafuta maji yake yalikopotelea. Alimtazama mzee, amekumbatia gurudumu, linamtikisa mwili mzima, meno yanagongana. Athumani akakaa chini kwenye nyasi akacheka mpaka akavua kofia akajifunika uso.

"Ndugu yangu," akasema alipopata pumzi, "dunia nzima mwizi wa maji huenda kimya. Wewe umekuja na bendi!"

Faini ya mfereji ni kazi. Kesho yake mzee alihukumiwa kuusafisha peke yake, tangu bwawa la juu mpaka shamba la mwisho, na maji yakafungwa kwa wote mpaka amalize. Kwa hiyo Alhamisi, ambayo ilikuwa siku yetu, bunduki ilikuwa kimya. Mzee alikwenda na sepetu, koti akaliacha dunguni maana kazi ya matope haitaki koti. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona bila koti. Alikuwa mdogo kumbe.

Kima walishuka saa nne. Mama alikuwa uani anafunga kikapu. Niliwaona wanaingia kwenye ule mstari wa pili, wanakula kuelekea upande wa kile kijiti.

"Mama, kima."

"Nawaona. Waache wamalize, nipande lori bila maswali."

Lakini mkulima ni mkulima. Baada ya kitambo nilimwona anatembea kuelekea dunguni, anajisemea maneno ya Kishambaa nisiyoweza kuyaandika. Akapanda. Manyunyu yalikuwa yameanza, na upepo wa baridi, akalivuta lile koti akalivaa. Akainua debe. Kabla hajalipiga, harufu ya tumbaku ikampanda puani.

"Khoo! Khoo!"

Kima wote waliruka. Sijawahi kuona. Mmoja aliacha hindi hewani. Walipita juu ya maharage, juu ya ua, juu ya Namba Tatu yenyewe, wakaingia msituni bila kugeuka.

Mama alibaki amesimama, debe mkononi. Akajitazama koti. Akakohoa tena, sasa kwa makusudi. Huko msituni matawi yakavunjika.

"Mama Lightness!"

"Abee, mama!"

"Umeona?"

"Nimeona, mama."

Akakaa. Nilidhani analia, mabega yanatikisika. Nikapanda haraka na mtoto mgongoni, nikamkuta anacheka hadi machozi, ameshika ule mgongo wake. "Siku tisa anachonga mti," akasema. "Siku tisa! Na dawa ilikuwa imening'inia begani mwake."

Katika mstari wa pili mashina manne yalikuwa yamebaki.

Mzee alirudi jioni ana matope mpaka kwenye nyusi. Mama alimpa maji ya kunawa, akamwacha anawe mpaka amalize, kisha akasema polepole.

"Baba Yusuph, mashina manne yamebaki. Kesho napanda lori."

Mzee akakaa juu ya kinu. "Manne si mistari miwili," akasema, lakini sauti ilikuwa ya mtu anayeomba.

"Si mistari miwili. Ndiyo maana nakwambia narudi lini. Wiki mbili, nikapumzishe mgongo. Kima hawaogopi bunduki yako, hata moja. Wanakuogopa wewe na hilo koti na hicho kikohozi. Utakaa dunguni wewe. Nikirudi nikute yaliyobaki yamesimama. Nikikuta hayapo, nitageuza na lori hilohilo."

Alitaka kusema kitu kuhusu kunguru. Nilimwona. Akatazama kile kikapu, akafunga mdomo.

Siku ya kwanza alipanda dunguni kabla hakujapambazuka vizuri ili watu wasimwone. Watu wakamwona. "Kamanda, umepandishwa cheo!" Athumani alimwita kutoka chini. "Umepewa mnara!" Mzee akakohoa mara mbili, kima wakaenda zao. Siku ya tatu aliniomba sufuria. Siku ya nne akaomba chumvi, vitunguu na nazi kama ipo. Akawasha moto chini ya dungu, anashuka kukoroga, anapanda kukohoa. Harufu ilinifika jikoni kwangu nikasahau nilichokuwa napika. Athumani alikuja na bakuli lake mwenyewe.

Mama alirudi Jumamosi na kapu la machungwa, amenenepa kidogo usoni. Hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja shambani, akahesabu kwa macho, mstari kwa mstari, mpaka kwenye yale mashina manne. Yalikuwapo yote. Mzee aliteremka, mgongo sasa unamuuma na yeye, kinyumenyume, akamchotea maharage. Mama akaonja. Akaonja tena.

"Haya nani kapika?"

Mzee akatazama mfereji. "Jeshini," akasema, "nilikuwa jikoni."

"Miaka yote hii," mama akasema, "na mimi nakuchambulia mnavu." Akasogeza bakuli aongezewe.

Tangu hapo mzee ndiye wa dunguni, na mama ndiye wa kumwita ale, akipenda. Namba Tatu bado ipo mferejini. Haimfukuzi kima yeyote, kuna mmoja hata hukaa juu ya pipa, lakini Jumatatu na Alhamisi inapiga vilevile, maana Lightness halali bila hiyo. Siku nyingine namlaza mapajani, nainamisha mdomo sikioni kwake, na nafanya mwenyewe kwa ulimi, taratibu, tatatata, kituo, tatatata, mpaka afumbe macho.